Umepunguza bukari. Na mafuta je, vijiko vingapi?

Munganga amekupima. Umepanda juu ya kilo, amekuzungushia mita tumboni, amesoma karatasi ya damu, kisha akatikisa kichwa: «Baba, punguza bukari.» Ukarudi nyumbani, ukamwambia mama watoto, na kweli tangu siku ile bukari imepunguka. Mkate wa asubuhi umeondoka. Sukari ya chai imeondoka. Lakini habari ya mafuta hukuuliza, na munganga alikuwa na watu arobaini nje ya mlango.

Hapo ndipo nyumba zinaanza kufuata njia mbili. Nyumba ya kwanza inasema: kama ni kupunguza mwili, tuondoe na mafuta vilevile. Baba anakula lengalenga za kuchemsha na samaki wa maji, bila bukari ya kutosha, bila mafuta. Siku tatu anajisifu. Siku ya nne anatoka posti ya usiku akiona njaa kama moto, na siku ya tano utamkuta mbele ya sufuria akila bukari ya jana kwa mkono, amesimama. Nyumba ya pili imesikia maneno mengine: eti mafuta hayana sukari, kwa hiyo kula kadiri unavyotaka, mafuta yatachoma mafuta. Basi mama anamimina mawese mpaka sombe inaogelea. Mwezi unapita, mkaba wa suruali ni uleule, na baba anasema munganga alimdanganya.

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayeshika mwiko, leo tunataka tuzungumze juu ya jambo hilo moja: mtu aliyepunguza vyakula vya unga ili apunguze mwili, ale mafuta kiasi gani? Jibu lipo, na linapimwa kwa kijiko cha supu. Lakini ukipewa hesabu bila kuonyeshwa ilikotoka, utaiacha juma lijalo. Kwa hiyo tutakwenda polepole.

Kwanza tukumbuke bukari ilivyokuwa kubwa namna hii. Baba zetu katika makambi ya migodi walipokea posho: unga, mafuta ya mawese, karanga, nyama au samaki. Posho ile ilihesabiwa kwa mtu wa sururu na pauro, mtu anayesukuma, anayebeba, anayepanda na kushuka kutwa. Leo wengi wetu tunakaa. Dereva wa kamyo ya tani mia anakaa, mtu wa kreni anakaa, mtu wa chumba cha mashini anatazama taa na kubonyeza vifungo. Kazi ni ngumu, macho yanachoka, kichwa kinachoka, lakini misuli haichomi tena kama zamani. Bukari imebaki ile ya sururu. Tofauti kati ya bukari ile na kazi hii inakaa wapi? Jishike tumboni, utaiona.

Sasa twende kwenye hesabu. Nguvu ya chakula inapimwa kwa kalori. Gramu moja ya wanga, maana yake ule unga-unga ulio ndani ya mahindi, mihogo, wali, mkate na sukari, inatoa kalori 4. Gramu moja ya protini, yaani chakula cha kujenga mwili kama samaki, nyama, mayai na maharagi, inatoa kalori 4 vilevile. Gramu moja ya mafuta inatoa kalori 9. Mafuta ni zaidi ya mara mbili. Hayo ni mafuta yote: mawese, karanga, soya, margarini, mafuta ya nguruwe. Yale ya bei kali na yale ya bei rahisi ni sawa mbele ya hesabu hii.

Kijiko kimoja cha supu, kikijaa bila kumwagika, kinashika gramu 14 hivi za mafuta. Hiyo ni karibu kalori 120. Shika namba hiyo.

Tuseme dereva mmoja alikuwa anakula bukari ya gramu 400 za unga kwa siku, mchana na usiku. Wako wanaozidi hapo, nao wanajijua. Gramu mia za unga wa mahindi ni kalori 360 hivi, kwa hiyo bukari yake ilikuwa kalori 1.440. Amemsikiliza munganga, amebaki na gramu 100 za unga: ngumi moja ndogo ya bukari mchana, ngumi moja ndogo usiku. Ameondoa kalori 1.080 kila siku. Hilo si jambo dogo, ni ushindi! Sasa gawanya 1.080 kwa 120. Unapata tisa. Vijiko tisa vya mafuta, vikiongezwa katika chakula cha siku, vinarudisha yote aliyoyaondoa, mpaka kalori ya mwisho. Amekosa bukari yake bure.

Utasema: nani anakula vijiko tisa? Ngoja, tuingie jikoni. Mama anapika sombe ya watu sita. Anachukua glasi ya robo litre, anaijaza mafuta, anamimina. Hakuna jirani atakayemwita mharibifu, ni kawaida. Glasi ile ni gramu 230 za mafuta. Gawa kwa sita, kila mtu amekula gramu 38, karibu vijiko vitatu, katika chungu kimoja cha mchana. Usiku samaki anakaangwa, vijiko viwili vitatu vingine. Katikati kuna karanga za mfukoni, na zile karanga zilizotwangwa ndani ya sombe yenyewe. Tisa haiko mbali. Na zaidi, baba ndiye anayepewa ile sehemu ya juu ya sombe, mahali mafuta yanapoelea. Ni heshima, tunajua.

Lakini mafuta hayachomi mafuta? Ndiyo, maneno hayo yana kipande cha kweli, na kipande hicho ndicho kinachowapoteza watu. Ukipunguza wanga sana, mwili unageuka na kuanza kutumia mafuta kama makala yake. Hilo ni kweli. Lakini mwili hauulizi makala yanatoka wapi. Yaliyo karibu ni yale uliyokula saa mbili zilizopita, nayo yanaingia motoni kwanza. Ya tumboni yanangoja zamu yao, na ukimimina mengine kila siku, zamu haifiki. Huko Marekani mwaka 2015 waganga wa utafiti waliwaweka watu 19 wanene ndani ya hospitali, chakula chote kikipimwa. Kwa siku sita waliwapunguzia wanga, na kwa siku sita nyingine wakawapunguzia mafuta, kalori zikiwa zinapunguzwa sawasawa. Waliopunguziwa wanga walipoteza gramu 53 za mafuta ya mwili kwa siku. Walipopunguziwa mafuta ya sahani, walipoteza gramu 89. Mtu asitumie habari hiyo kuirudia bukari ya zamani, maana siku sita si maisha, na hakuna mtu anayeishi amefungiwa na mizani. Inaonyesha tu kwamba mafuta unayokula yanahesabiwa.

Katika maisha ya kawaida, ambapo mtu anajipakulia mwenyewe, mambo yanakaribiana. Watu 609 walifuatwa mwaka mzima huko California, na matokeo yakatangazwa mwaka 2018: waliopunguza mafuta walipungua kilo 5,3, na waliopunguza wanga walipungua kilo 6. Karibu ni kitu kimoja. Faida kubwa ya kupunguza unga ni kwamba watu wengi wanashiba mapema, na wenye ugonjwa wa sukari wanaona sukari ya damu ikishuka. Ukizamisha faida hiyo ndani ya mafuta, umeitupa.

Kuna habari moja inayotufaa sisi zaidi, kwa sababu ilitoka kwa wafanyakazi kama sisi. Pale Dimona, inchi ya Israeli, kuna kituo cha utafiti wa nyuklia, na wafanyakazi wake wanakula chakula cha mchana kantini. Watu 322, wengi wao wanaume wenye vitumbo, waligawanywa mafungu matatu kwa miaka miwili, na kantini ikawapikia kila fungu chakula chake. Fungu moja lilipunguza mafuta. Fungu la pili lilikula kama watu wa pwani ya Mediterania: mboga nyingi, samaki, na mafuta ya zeituni yaliyopimwa, gramu 30 mpaka 45 kwa siku, pamoja na kokwa chache. Fungu la tatu lilipunguza wanga, bila kuhesabu kalori, lakini likaambiwa litafute mafuta na protini kwenye mimea zaidi kuliko kwenye wanyama. Matokeo yalitolewa mwaka 2008. Waliopunguza mafuta walipungua kilo 2,9, wale wa Mediterania kilo 4,4, waliopunguza wanga kilo 4,7.

Angalia lile fungu la katikati. Gramu 30 mpaka 45 ni vijiko viwili mpaka vitatu. Watu hao hawakunyimwa mafuta na hawakuogelea ndani yake, nao waliwakaribia kabisa waliopunguza wanga.

Basi tutoe kipimo cha kuanzia. Mwanaume mzima anayefanya kazi ya kukaa au kazi ya katikati, aliyepunguza bukari kama yule dereva wetu: vijiko vitatu vya supu vya mafuta ya kupikia kwa siku nzima, asubuhi mpaka usiku. Mwanamke: viwili. Hayo ni mafuta ya kumimina tu. Ndani ya chakula kuna mafuta mengine yaliyojificha, nayo tumeyaachia nafasi: mayai mawili yana gramu 10, ganja moja dogo la karanga lina gramu 15, nusu ya avoka ina kama gramu 15, samaki wa siku anaweza kuwa na gramu 5. Jumlisha na vijiko vitatu, unafika karibu gramu 87, maana yake kalori 780 hivi. Mwanaume anayepunguza mwili kwa chakula cha kalori 1.800 au 2.000 amebakiwa na nafasi ya kutosha kwa protini yake, mboga zake na zile ngumi mbili za bukari. Ukitaka karanga nyingi zaidi, punguza kijiko. Ukikosa avoka na karanga siku hiyo, ongeza kijiko. Mfanyakazi anayeshika bado pauro kwa saa nane, huyo ana njaa ya kweli, na kipimo chake ni kingine. Aongeze, tena aongeze bukari kwanza.

Kuna watu wanaofuata chakula kikali kabisa, chini ya gramu 50 za wanga kwa siku, pasipo bukari hata ngumi moja. Hapo ni lazima mafuta yachukue nafasi kubwa kuliko hii, maana mwili hauwezi kuishi kwa protini na majani peke yake. Lakini jambo hilo lifanywe mbele ya munganga. Mtu asilianze mwenyewe katikati ya juma la posti ya usiku.

Sasa turudi kwenye nyumba ya kwanza, ile iliyoondoa mafuta yote. Sababu gani tunasema nayo imekosea, iwapo mafuta yana kalori nyingi? Sababu ya kwanza ni njaa, mmeiona. Mafuta yanakaa tumboni muda mrefu, yanafanya chakula kidogo kidumu. Sababu ya pili ni mboga yenyewe. Vitamini za A, D, E na K haziingii mwilini sawasawa bila mafuta. Ukila sombe na lengalenga kavu kabisa, sehemu ya faida inapita na kutoka. Sababu ya tatu watu wengi hawaijui: mawe ya nyongo. Nyongo ni kifuko kidogo chini ya ini, kinangoja mafuta yafike ndipo kikamue maji yake. Mtu anayepungua haraka, bila mafuta katika chakula, nyongo yake inalala, maji yanaganda, mawe yanatokea. Maumivu yake yanakuja upande wa kuume chini ya mbavu, usiku, baada ya kula, na mtu anaweza kuishia mezani kwa mpasuaji. Kijiko kimoja kamili katika chakula kimoja cha siku kinaiamsha nyongo. Kwa hiyo kipimo kina chini yake na kina juu yake.

Na mafuta yapi? Mawese yetu mekundu, yasiyochemshwa mpaka kuwa meupe, yana ile rangi ambayo mwili unaigeuza vitamini A. Ni mazuri kwa macho. Lakini karibu nusu ya mawese ni mafuta ya aina inayoganda, ile inayopandisha kolesteroli ndani ya mishipa ya damu. Mafuta ya karanga yana sehemu isiyofika moja ya tano ya aina hiyo, na ya soya vilevile. Shirika la Afya Duniani, katika maelekezo yake ya mwaka 2023, linataka mtu mzima asipitishe sehemu moja ya kumi ya kalori zake kwa mafuta ya kuganda. Kwa hiyo tunashauri hivi: kijiko kimoja cha mawese kwa sombe, maana sombe bila mawese si sombe, na vingine viwe vya karanga au soya. Wenye pressio, na wale ambao baba zao walikufa kwa moyo, wasibishane na shauri hilo. Mafuta yaliyokaangia mara tano mpaka yakawa meusi, yamwage.

Mikate ya kukaanga ya asubuhi, ile inayouzwa karibu na mlango wa kazi, tusiisahau. Ni unga uliokunywa mafuta, maovu yote mawili ndani ya karatasi moja. Munkoyo nao ni mahindi, hata ukiunywa. Na pombe? Chupa kubwa moja ina karibu kalori 300, na mwili unaichoma pombe mbele ya kitu kingine chochote, mafuta yakae yangoje. Zaidi ya hapo hatusemi, kila mtu ana macho.

Kitu gani kichukue nafasi ya bukari iliyoondoka, basi, ikiwa si mafuta? Vyakula vya kujenga mwili kwanza. Kipande cha samaki au nyama chenye ukubwa wa kiganja chako bila vidole, mara mbili kwa siku. Tomsoni, kuku, ini, ndagala, kapenta, kisense, finkubala wakipatikana, maharagi bakuli dogo. Makayabo lazima yalowekwe maji usiku mzima, na maji yamwagwe, sababu ya chumvi. Kisha mboga, nusu nzima ya sahani. Mafuta yanakuja ya tatu, kwa kijiko.

Hapa tunafika mahali penye hatari ya kufa, na tunaomba madereva, watu wa kreni, watu wa chini ya ardhi na wote wanaopanda ngazi wasome mara mbili.

Kama unatumia dawa ya sukari, usipunguze bukari kabla ya kumwona munganga. Hasa insulini, na vidonge vya aina ya glibenklamidi. Dawa hizo zilipimwa kwa mtu anayekula bukari yake yote. Bukari ikipunguka na dawa ikabaki ileile, dawa inaishusha sukari ya damu chini ya mpaka. Metformini peke yake ni mara chache sana kufanya hivyo. Na usiache dawa kwa akili yako mwenyewe. Munganga ndiye anayeipunguza, pengine mara mbili tatu, kadiri sukari inavyoshuka. Mwenye sukari ya aina ya kwanza, ile ya insulini tangu ujana, na mwenye kidonge ambacho jina lake linaishia na «gliflozini», huyo asiguse kabisa chakula kikali cha kuondoa wanga, kwa sababu damu yake inaweza kugeuka asidi, na hiyo ni hospitali ya haraka.

Sukari ikishuka, mwili unatoa alama: jasho baridi, mikono inatetemeka, njaa ya ghafula, moyo unapiga, macho yanaona vitu viwili, mtu anajibu maneno yasiyo na kichwa. Wenzake wanadhani amelewa. Mtu huyo akiwa juu ya usukani wa kamyo inayoshuka barabara ya karyere, mnajua wenyewe.

Fanya hivi. Simamisha mashini kwanza, vuta breki, julisha kwa redio. Kisha kula sukari: vijiko vidogo vitatu au vinne vilivyojaa, ndani ya maji kidogo, au nusu ya chupa ndogo ya soda yenye sukari. Ngoja dakika 15. Kama haijarudi sawa, rudia. Na hapa angalia vizuri, maana ni habari yetu ya mafuta ileile: karanga hazisaidii wakati huo. Wala yai, wala avoka, wala shokola. Mafuta yanachelewesha chakula tumboni, na wewe una dakika tu. Karanga utakula baadaye, hatari ikipita. Mwenzako akiwa amezimia, usimtie kitu mdomoni, kitamwingia mapafuni. Mlaze ubavu, ita ambulansi. Kila mtu wa dawa ya sukari aweke vipande vya sukari ndani ya mfuko wa bluzi ya kazi, mfuko uleule kila siku, na kapita wake ajue ni upi.

Hata asiye na sukari aangalie juma la kwanza. Kilo moja na nusu au mbili zinaondoka haraka sana, watu wanashangilia. Hayo ni maji. Wanga uliowekwa akiba katika misuli na ini unashika maji mengi, ukiisha, maji yanatoka na chumvi inatoka nayo. Mahali pa joto kali mtu anaona kizunguzungu akisimama, miguu inakaza usiku. Kunywa maji kila mara, na mchuzi wenye chumvi kidogo, isipokuwa munganga amekukataza chumvi au unatumia dawa ya pressio. Huyo aulize kwanza. Usianze chakula hiki siku unayobadilisha posti, anza siku za mapumziko.

Mama mwenye mimba, mama anayenyonyesha, mgonjwa wa mafigo, hawa chakula hiki si chao. Na watoto! Tunalisema kwa nguvu. Mtoto anayekua anahitaji bukari yake na mafuta yake. Chungu cha nyumba kisifanywe maskini kwa sababu tumbo la baba ni kubwa.

Mama atauliza: nitapika vyungu viwili, makala nitatoa wapi? Hapana. Chemsha sombe au lengalenga pamoja na chumvi na kitunguu, kabla ya kutia mafuta. Samaki naye aive. Toa sehemu ya baba, iweke pembeni katika bakuli lake, utie kijiko chako kilichopimwa. Kisha chungu kinachobaki kitie mafuta ya watoto kama kawaida. Siku za kwanza kutakuwa maneno. Baba ataangalia bakuli na kusema, «Mama watoto, hii nayo ni sombe?» Na mama atajibu, «Baba, ni kijiko kimoja na nusu, usiku unangoja kimoja na nusu. Nimepima mbele ya macho yako.» Bakuli la pembeni pia lisigeuke dharau. Baba akae mezani pamoja na wote, aguse bukari pamoja na wote, ngumi yake moja ndogo.

Kwa nyumba ambayo watu wote ni wakubwa na wote wanataka kupungua, tumieni bidoni kama mizani. Bidoni ya litre 5 ina gramu 4.600 hivi za mafuta. Watu sita, vijiko vitatu kila mmoja, ni gramu 252 kwa siku. Bidoni ilipaswa kudumu siku 18. Andika tarehe kwa makala juu ya bidoni siku unapoifungua. Ikiisha siku ya kumi na moja, hakuna haja ya kugombana nani alikula nini.

Na kwa tumbo, chukua kamba. Asubuhi, kabla ya kula, izungushe usawa wa kitovu bila kuvuta pumzi, ufunge fundo mahali inapokutana. Itundike nyuma ya mlango wa chumba. Baada ya majuma manne izungushe tena. Fundo likipitana na ncha kwa upana wa kidole kimoja, vijiko vyako ni sawa, endelea. Likikaa palepale, toa kijiko kimoja cha mafuta kabla ya kugusa ile bukari kidogo iliyobaki. Likipitana kwa upana wa vidole vinne, na suruali inaanguka, na kazini miguu inatetemeka, umekwenda mbio mno. Rudisha kijiko kimoja, rudisha nusu ngumi ya bukari, upite dispansere wakupime.